Miungu wa Wagiriki wa Kale na Mwanzo wa Ulimwengu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na kwa watu wazima waliotoka kutazama filamu wakiwa na hamu ya kubishana. Jibu langu la kwanza huwa ni swali: hiyo umeipata kwa nani? Wagiriki wa kale hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu wala baraza la kuamua hadithi ipi ni sahihi. Kila habari ya Zeus ina mtunzi wake, mji wake na karne yake, nami nitawataja wenyewe kila ninapoweza. KK ni kabla ya Kristo, BK ni baada ya Kristo.

Tuziite nini: hekaya, ngano au visasili?

Neno la darasani ni visasili. Aliyesoma fasihi simulizi atakumbuka kwamba kisasili hueleza asili ya jambo: kwa nini kuna kifo, mbingu ilitenganaje na ardhi, ukoo fulani ulitoka wapi. Hadithi za Gaia na Kronos ni visasili kwa maana hiyo hiyo. Za Herakles na Perseus ziko karibu zaidi na visakale, yaani hadithi za mashujaa wa kale, ingawa kuchora mpaka ni kazi, maana mashujaa wengi wa namna hiyo baba zao ni miungu.

Nani alizitunga?

Hakuna aliyeketi akazitunga. Zilikuwa midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya kuandikwa. Waliozipa sura tunayoijua ni wawili: Homer, anayehusishwa na tenzi za Iliad na Odyssey, na Hesiod, mwenye Theogonia (maana yake uzao wa miungu) na Kazi na Siku. Kwa kawaida huwekwa kati ya karne ya 8 na ya 7 KK. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba hao wawili ndio waliowapangia Wagiriki nasaba za miungu, wakawagawia majina ya sifa, heshima na kazi zao, na kwamba waliishi miaka isiyozidi 400 kabla yake.

Mimi ni mtu wa Hesiod. Homer hajitaji hata mara moja. Hesiod anajisema sana. Baba yake alikuwa mtu wa vyombo kutoka Kyme, pwani ya Asia Ndogo. Aliukimbia umaskini akahamia Askra, kijiji cha Boiotia karibu na mlima Helikon, na mwanawe anakieleza kijiji hicho kuwa kibaya wakati wa baridi, cha taabu wakati wa joto, na hakina siku njema. Bahari Hesiod hakuwa na haja nayo. Anasema alipanda chombo mara moja tu, kuvuka kwenda kisiwa cha Euboia kwenye mashindano ya mazishi ya mkubwa mmoja, na huko utenzi wake ukashinda, akarudi na chungu cha madini cha miguu mitatu chenye masikio.

Siku moja akiwa machungani walimtokea Muse, mabinti tisa wa Zeus. Salamu yao ilikuwa matusi: nyinyi wachungaji wa porini, aibu tupu, nyinyi ni matumbo tu! Kisha wakamwambia kwamba wanajua kusema uongo mwingi unaofanana na kweli, na wakitaka, wanajua pia kusema kweli. Wakampa fimbo ya mlaureli, wakampulizia sauti ya kuimba. Sijui mtunzi mwingine anayefungua utenzi wa dini kwa kukiri kwamba waliompa habari hudanganya wapendapo.

Mwanzo kabisa kulikuwa na nini?

Kwa Hesiod, kulikuwa na Chaos. Leo neno hilo linasikika kama vurugu, lakini mzizi wake ni ule wa kupiga mwayo: ni pengo, uwazi uliopanuka. Halikuumbwa na yeyote; lilitokea. Baada yake wakatokea Gaia, yaani Ardhi ya kifua kipana, na Tartaro iliyo chini kabisa, na Eros, ashiki, ambaye bila yeye hakuna ambaye angemwendea mwenzake. Katika Pengo likazaliwa Giza na ukazaliwa Usiku. Naye Usiku akamzaa Mchana. Msomaji wa Kiswahili anayejua kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa hataona ajabu hapo. Waathene nao walianza kuhesabu siku yao jua likizama.

Gaia akamzaa Uranus, yaani Mbingu, bila mume, ili amfunike kila upande. Akazaa milima, akazaa bahari.

Hiyo ni ya Hesiod. Katika Iliad kuna mahali Hera anamwita Okeanos, mto unaoizunguka dunia, chimbuko la miungu, na Tethys mama yao, Pengo halitajwi. Wafuasi wa Orfeus, mwimbaji wa hadithini, walikuwa na yai ambalo ndani yake alitoka mungu mwenye mabawa, Phanes. Huwa naulizwa ipi ni yenyewe. Hapakuwa na Mgiriki mwenye mamlaka ya kujibu hilo, na nadhani hawakulikosea usingizi.

Ni kweli mtoto alimhasi baba yake?

Ni kweli, na Hesiod hafumbi. Uranus na Gaia walizaa Titani 12, sita wa kiume na sita wa kike, kisha majitu watatu wa jicho moja, kisha watatu wengine wenye mikono mia na vichwa hamsini kila mmoja. Baba aliwachukia. Kila aliyezaliwa alimsukuma arudi ndani ya Gaia asione nuru, mama akawa anaugua kwa kubanwa. Gaia akatengeneza mundu wa meno kama msumeno, akawauliza wanawe nani atathubutu. Wote kimya. Kronos, kitinda mimba wa Titani, ndiye aliyesema: mama, mimi nitaifanya kazi hiyo.

Akajificha avizie. Usiku ulipoingia, Uranus akajitandaza juu ya Gaia. Kronos akamshika kwa mkono wa kushoto, akamkata kwa wa kulia, akavitupa nyuma yake. Tangu hapo mbingu imekaa juu na ardhi chini, nafasi ikapatikana katikati.

Damu iliyodondokea ardhini ikazaa Erinyes, wale wanawake wanaolipiza kisasi cha damu ya jamaa, na Majitu, na nimfu, yaani mabinti wa kimungu, wa miti. Vile vilivyokatwa vikaanguka baharini, vikaelea, povu jeupe likavizunguka, na ndani ya povu akakua binti. Akapita karibu na Kythera, akashuka Kipro, nyasi zikaota chini ya nyayo zake. Huyo ni Aphrodite. *Aphros* kwa Kigiriki ni povu. Sasa mwulize Homer. Kwake Aphrodite ni binti wa Zeus na Dione, tena mtoto wa kudekezwa, anayekimbilia kwa mama yake mara tu anapochubuliwa mkono vitani.

Kwa nini Kronos aliwameza watoto wake?

Wazazi wake walikuwa wamemtabiria kwamba naye atapinduliwa na mwanawe. Rhea, dada yake na mkewe, akamzalia Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon. Kila mtoto alipofika magotini pa mama, baba akammeza. Mimba ya sita Rhea aliipeleka Krete. Zeus akafichwa pangoni, na Kronos akapewa jiwe lililoviringishwa nguo za kitoto. Akalimeza bila kulitazama. (Mbuzi Amalthea aliyemnyonyesha Zeus, na vijana waliogonga ngao ili kilio chake kisisikike, Hesiod hawataji, wamo katika masimulizi mengine.)

Baadaye Kronos alitapika. Lililoingia mwisho likatoka kwanza: jiwe, kisha watoto, wa mwisho akiwa Hestia. Ndiyo maana utenzi mmoja wa kale unamwita Hestia kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja.

Zeus akalisimika jiwe lile Delphi. Hapa ndipo ninapopapenda mimi, kwa sababu jiwe hilo lilikuwapo na watu walilitazama kwa macho yao. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, anasema si kubwa, kila siku humiminiwa mafuta, na kila sikukuu huwekewa sufu ambayo bado haijafanyiwa kazi. Kwa hiyo palikuwa na mtu ambaye zamu yake ya siku ilikuwa kubeba mafuta ya zeituni kwenda kulipaka jiwe lililowahi kukaa tumboni mwa Kronos.

Kwa hiyo Kronos ndiye mungu wa wakati?

Hapana. Kronos huandikwa kwa kapa, na *khronos*, wakati, kwa herufi nyingine, khi. Ila usijilaumu: hata watu wa kale wenyewe waliyachanganya kwa kupenda mafumbo, kwamba wakati huwameza watoto wake.

Vita vya Titani vilikwendaje?

Miaka kumi, Titani wakiwa mlima Othrys, Zeus na ndugu zake wakiwa Olympus, na hakuna aliyesogea. Kilichoamua ni kwamba Zeus aliwafungulia wale baba zake wadogo waliofungwa chini. Majitu wa jicho moja wakampa radi. Wenye mikono mia wakasimama mstari wa mbele wakavurumisha mawe 300 kwa pamoja, na Titani wakaporomoshwa Tartaro. Hesiod anaupima umbali huo kwa kifaa cha mhunzi: fuawe la shaba likidondoka kutoka mbinguni litaanguka siku tisa mchana na usiku, lifike ardhini siku ya kumi, na kutoka ardhini hadi Tartaro, siku tisa nyingine.

Kisha Gaia, ambaye hakuwahi kuridhika na mtawala yeyote, akamzaa Typhoeus mwenye vichwa mia vya nyoka, naye akachomwa kwa radi. Baada ya hapo ndipo miungu wenyewe walipomwomba Zeus atawale. Kuhusu mgawanyo, Iliad inasema wana watatu wa Kronos walipiga kura: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, Hades kuzimu, ardhi na Olympus vikabaki vya wote.

Zeus naye alitabiriwa mwana wa kumpindua. Yeye hakumeza mtoto, alimmeza mama, Metis, aliyekuwa na mimba. Mtoto wa mimba hiyo, Athena, akatokea kichwani mwake. Mnyororo wa wana kuwapindua baba zao ukakatika hapo.

Atlas aliibeba dunia?

Aliibeba mbingu. Hesiod anamweka ukingoni mwa ardhi, akiitegemeza mbingu kwa kichwa na mikono. Ile sanamu mashuhuri iliyoko Napoli imembebesha tufe la nyota, na mtu asiyesogea karibu hulidhania kuwa la dunia. Jina lake tunalo shuleni hadi leo: kitabu cha ramani, atlasi.

Miungu wakuu walikuwa wangapi, na ni akina nani?

Idadi ilikuwa 12. Majina hayakuwa yale yale kila mahali. Kumi na mmoja hawana ubishi sana: Zeus, Hera, Poseidon, Demeter, Athena, Apollo, Artemis, Ares, Aphrodite, Hephaestus na Hermes. Nafasi ya 12 huwa ya Hestia au ya Dionysus. Mchongo wa upande wa mashariki wa hekalu la Parthenon, Athens, umemweka Dionysus. Utasoma kwamba Hestia alimwachia kiti chake ili kuepusha ugomvi. Ni hadithi nzuri, ila ni ya watu wa juzi. Maandishi ya kale hayana habari hiyo.

Orodha zile za "mungu wa hiki, mungu wa kile" zinafaa kwa mtihani na huishia hapo. Zeus wa radi ndiye pia aliyelinda wageni na viapo, na ndiye Zeus Ktesios, wa stoo ya nyumbani. Huyo hakuwa na hekalu. Alikuwa mtungi wa masikio mawili, uliofungwa sufu nyeupe, ndani yake maji safi, mafuta ya zeituni na nafaka na matunda ya kila aina, umewekwa ghalani ili mali ya nyumba isipungue.

Na Olympus wenyewe ni mlima halisi, kaskazini mwa Ugiriki, wenye zaidi ya mita 2,900. Kilele chake cha juu kabisa, Mytikas, kilipandwa mwaka 1913 na Waswisi wawili wakiongozwa na mwenyeji, mwindaji Christos Kakalos.

Hephaestus aliangushwa na nani, baba au mama?

Wote wawili, na ndani ya utenzi mmoja. Katika kitabu cha kwanza cha Iliad, Hephaestus anasimulia Zeus alivyomshika mguu akamtupa, akaanguka mchana kutwa hadi Lemnos. Katika kitabu cha 18 ni Hera aliyemtupa, akiona haya kwa ulemavu wake. Mkewe pia: Charis kwenye Iliad, Aphrodite kwenye Odyssey, Aglaia kwa Hesiod. Msomaji wa sasa huona kosa. Msikilizaji wa wakati ule alipata kila mara hadithi iliyofaa pale ilipokuwa.

Hades ni shetani? Kuzimu kwao ni jehanamu?

Swali hili huja zaidi kutoka kwa waliolelewa na Biblia, na lina sababu: panaposomwa "kuzimu" katika Agano Jipya, mara nyingi Kigiriki chake ni *hades*. Lakini Hades wa visasili hajaribu mtu wala hachomi mtu. Ni mfalme mkali wa nchi ambayo kila mtu huenda, mwema kwa mbaya. Watu walikwepa kumtaja, wakamwita Pluton, tajiri, kwa kuwa mali hutoka chini ya ardhi.

Wafu huko ni vivuli visivyo na nguvu. Akilles, shujaa mkubwa kuliko wote wa vita vya Troia, anamwambia Odysseus kwamba afadhali angekuwa kibarua hai wa mtu asiye na shamba kuliko kuwatawala wafu wote. Adhabu za kupigiwa mfano, kama ya Sisyphus na jiwe lake au Tantalus na maji yanayomkimbia, ni za wachache waliowakosea miungu wenyewe.

Binadamu waliumbwa na nani?

Hapa wengi hutarajia jibu fupi, na halipo. Theogonia inaeleza kwa kirefu miungu walivyozaliwa, lakini binadamu inawakuta tu wameshakuwapo. Katika Kazi na Siku miungu wanafanya vizazi vitano mfululizo: cha dhahabu, cha fedha, cha shaba, cha mashujaa, na cha chuma, ambacho ndicho chetu, nacho Hesiod anasema angependa kuwa alikufa kabla yake au kuzaliwa baada yake.

Kwamba Prometheus, mmoja wa uzao wa Titani, alifinyanga watu kwa udongo ni habari iliyopata nguvu baadaye. Pausanias alionyeshwa, mjini Panopeus, mawe makubwa ya rangi ya udongo, kila moja la kujaza mkokoteni, yakisemwa ni mabaki ya udongo huo. Anasema yalinuka kama ngozi ya mtu.

Kuna gharika pia. Deukalion na mkewe Pyrrha waliponea katika sanduku, maji yalipokauka wakatupa mawe nyuma ya mabega: yake yakawa wanaume, ya mkewe yakawa wanawake. Kwa Kigiriki jiwe ni *laas* na watu ni *laos*, mchezo wa maneno usiotafsirika. Watu wa Aigina walisema babu zao walikuwa sisimizi waliogeuzwa watu. Waathene, kwa majivuno yao, walisema mfalme wao wa kale Erikhthonios alitoka moja kwa moja ardhini mwa Attika, kwa hiyo wao hawakuhamia kutoka popote. Hoja waliyoitumia vizuri sana katika siasa.

Sanduku la Pandora lilikuwa na nini?

Halikuwa sanduku. Hesiod anataja *pithos*, kasiki kubwa la kuwekea nafaka, divai au mafuta, lile ambalo mtu mzima angeweza kuingia. Likawa kisanduku katika karne ya 16, msomi Erasmus wa Rotterdam alipolitaja kwa Kilatini kwa neno jingine, na wachoraji wakamfuata.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye nyama. Huko Mekone miungu na watu walikuwa wakigawana, Prometheus akachinja ng'ombe akafanya mafungu mawili: nyama nzuri akaifunika kwa tumbo la ng'ombe lisilovutia, mifupa akaipamba kwa mafuta meupe. Zeus akachukua mafuta, akakuta mifupa. Ndiyo sababu, anasema Hesiod, watu huwachomea miungu mifupa na nyama wakala wenyewe. Zeus kwa hasira akauficha moto. Prometheus akauiba ndani ya bua la mmea wa jamii ya shamari, ambao kiini chake hushika moto polepole bila kuunguza ganda; si hila ya kubuni, ni mbinu ya kweli ya kubebea kaa.

Malipo ya moto yalikuwa mwanamke wa kwanza. Hephaestus akamfinyanga, kila mungu akamtunuku kitu, akapelekwa kwa Epimetheus, ndugu wa Prometheus, ambaye alikuwa ameonywa asipokee zawadi ya Zeus akapokea. Pandora akafunua kasiki, magonjwa na taabu zikatawanyika, Tumaini likabaki chini ya ukingo. Lilibaki ili tulipate, au lilifungiwa tulikose? Wasomi wanabishana hadi leo. Nionavyo mimi, Hesiod alikuwa mkulima aliyegombana na ndugu yake kuhusu urithi na hakuwapenda wanawake. Ukisoma kisa hiki, sikia na sauti ya anayekisimulia.

Kwa nini Zeus ni mzinzi hivyo, tena kamwoa dada yake?

Kuhusu dada: familia ilikuwa moja, hapakuwa na kwa kwenda kuposa. Wagiriki wenyewe hawakuoana ndugu wa tumbo moja. Hiyo waliiachia miungu.

Kuhusu uzinzi, angalia watoto walikoishia. Kallisto alimzaa Arkas wa Arkadia. Europa, Minos wa Krete. Danae, Perseus wa Argos. Taygete, Lakedaimon wa Sparta. Kila mji ulitaka babu aliyezaliwa na mfalme wa miungu. Wasomaji wa mwambao, waliozoea kuona koo zikijinasibisha na Shirazi, wanalielewa hili haraka kuliko wengine. Ukikaa katika mji mmoja, unakuta hadithi moja ya heshima. Ukizimimina zote katika kitabu kimoja, unapata mume mhuni na Hera anayechoka na wake wenza.

Hata hivyo nyingi ya hadithi hizo ni za kunyakua na kudanganya, na si sisi tulioanza kuziona vibaya. Xenophanes wa Kolophon, karne ya 6 KK, aliwalaumu Homer na Hesiod kwa kuwabambikia miungu wizi, uzinzi na udanganyifu.

Medusa alilaaniwa na Athena kwa kosa lisilo lake?

Kwa Ovid, ndiyo. Lakini Ovid ni mshairi Mroma wa wakati wa Kaisari Augusto. Kwa Hesiod, miaka kama 700 kabla, Medusa alizaliwa Gorgo, yaani jitu la kike la kutisha, mmoja wa dada watatu, na yeye pekee ndiye wa kufa. Poseidon alilala naye katika mbuga laini penye maua, na hakuna laana inayotajwa. Ukisikia mtu anasema "Wagiriki walisema Medusa alikuwa msichana mzuri aliyegeuzwa", mwulize kwa nani.

Walizibuni wenyewe au walizikopa?

Yote mawili. Huko Hattusa, mji mkuu wa Wahiti katika Uturuki ya leo, zilichimbuliwa mbao za udongo zenye kisa cha Kumarbi, kongwe kuliko Hesiod kwa karne kadhaa. Anu, ambaye jina lake ni mbingu, anatawala miaka tisa. Mnyweshaji wake Kumarbi anampindua, anamng'ata na kumeza uume wake, na tumboni anashika mimba ya mungu wa tufani ambaye mwishowe atamwondoa. Mbingu, mla watoto, mwenye radi: ni ngazi ile ile.

Kwa upande mwingine, majina mengi ni ya zamani sana Ugiriki penyewe. Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo wa Kiingereza, alifumbua Linia B, mwandiko wa kale uliokutwa kwenye mbao za udongo za kasri za Knossos na Pylos. Ikaonekana ni Kigiriki, cha kabla ya mwaka 1200 KK, na ndani yake wamo Zeus, Hera, Poseidon, Hermes. Bao moja la Pylos linaorodhesha vikombe vya dhahabu kwa Zeus na Hera. Dionysus, ambaye wasomi walikuwa wakimwita mgeni aliyechelewa, naye yumo. Jina la Aphrodite halijaonekana.

Zeus na Jupiter ni mmoja?

Waroma waliwalinganisha miungu wao na wa Kigiriki: Jupiter na Zeus, Juno na Hera, Mars na Ares, Venus na Aphrodite. Walikuwa na ibada zao, ila visasili wakavichukua kwa wingi. Sayari sisi tulizipokea kwa Kiarabu, Mshtarii, Mirihi, Zuhura, tukaepukana nao. Kwenye miezi hatukuponyoka: Machi ni wa Mars.

Afrika imo katika hadithi hizi?

Imo tangu ukurasa wa kwanza. Katika kitabu cha kwanza cha Iliad, Zeus hayupo. Amekwenda kula karamu kwa "Waethiopia wasio na lawama", atarudi siku ya 12, na miungu wote wamemfuata. Odyssey inapoanza, Poseidon naye yuko huko. Waethiopia hao ni watu wa mwisho wa dunia upande wa jua, si lazima wa Ethiopia ya leo. Memnon, mfalme wao, aliuawa Troia na Akilles. Na katika jangwa la Misri, huko Siwa, Wagiriki walimtambua Amon kuwa Zeus. Alexander alikwenda kumwuliza mwaka 331 KK.

Xenophanes tena: Waethiopia husema miungu wao ni weusi wenye pua bapa, Wathrake husema wao wana macho ya buluu na nywele nyekundu, na farasi wangekuwa na mikono, wangewachora miungu kama farasi.

Waliziamini kweli?

Waliwatolea miungu sadaka, wakaapa kwao, wakawafanyia sikukuu. Kuziamini hadithi neno kwa neno lilikuwa jambo jingine ambalo hakuna aliyelidai. Lakini dharau ya wazi ilikuwa na gharama: Sokrates aliuawa mwaka 399 KK, moja ya mashtaka likiwa kutowatambua miungu wa mji. Karne nyingi baadaye, Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra wanamwona Paulo akimponya kiwete. Barnaba wanamwita Zeu, Paulo Herme kwa kuwa ndiye msemaji, na kuhani wa Zeu analeta ng'ombe na mashada ya maua langoni. Hao hawakuwa wakicheza.

Sadaka zilipigwa marufuku na Kaisari Theodosius mwaka 391 na 392 BK. Mwaka 2017 serikali ya Ugiriki iliitambua rasmi dini ya wanaoabudu miungu wa kale leo.

Nianze kusoma wapi?

Theogonia. Ina mistari kama 1,000, jioni moja inatosha. Mara ya kwanza ruka sifa za Muse, anzia mstari wa 116, pale Pengo linapotokea. Ukikutana na orodha ya mabinti 50 wa Nereus usione haya kupitisha macho. Ukimaliza, rudi mwanzo, kwa wale wasichana waliomtukana mchungaji.